Vifaranga Wanaodonoana

Asubuhi unafungua nyumba ya vifaranga, unakuta mmoja ana damu mgongoni, na wenzake wanamfuata wakimng'oa manyoya. Usingoje mpaka jioni. Wakiisha kuonja damu hawaachi upesi. Kesho utamkuta amekufa.

Kwanza mtoe yule mwenye jeraha, umweke peke yake mahali pa joto. Osha jeraha kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Usimrudishe mpaka amepona.

Halafu tafuta sababu. Vifaranga hawadonoani kwa ubaya; kuna jambo linalowasumbua.

Je, joto limezidi? Juma la kwanza digrii 35 zinatosha; kila juma punguza 3 hivi. Wakiikimbia taa na kupanua midomo, wanaona joto. Wakisongamana chini yake, wanaona baridi.

Je, wamebanana? Katika meta moja ya mraba usiweke zaidi ya vifaranga 20. Wakiisha kutimiza majuma 4, weka 10 tu.

Je, mwanga ni mkali? Funika dirisha kwa mkeka, lakini acha hewa ipite.

Je, wanakula mahindi matupu? Changanya na unga wa ndagala na kalanga zisizo na ukungu. Tundika majani ya lengalenga, wayadonoe hayo kuliko wenzao. Maji yasikauke.

Mama, kifaranga unayemwokoa leo atataga baada ya miezi 6 hivi. Usiuze mayai yote. Mtoto aliyeachishwa ziwa anahitaji yai kwa kujenga mwili wake.