KALAMU YA RISASI NA NDEGE ZA VITA



Hakuna mwalimu ambaye hajapata kufungua daftari la mwanafunzi wake akakuta, nyuma ya hesabu au pambizoni mwa imla, eropleni imechorwa kwa kalamu ya risasi: mabawa mawili, mkia, moshi, na mabomu yakidondoka kama punje za mtama. Wengi wetu humkemea mtoto, tukamwamuru afute. Labda twastahili kumkemea, kwani wakati wa hesabu ni wa hesabu. Lakini tukidhani ya kuwa jambo lile ni upuuzi mtupu, twakosea. Wako watu wazima, khasa katika nchi za Uingereza na Marekani, wenye wake na watoto, ambao riziki yao yatoka katika jambo hilo hilo: kuchora ndege za vita kwa rangi na kwa kalamu ya risasi, na kuziuza picha zao.

Nimekusudia kueleza kazi hiyo ilivyoanza, inavyofanywa na inavyouzwa, kwa kuwa ndani yake mna funzo kwa vijana wetu hata wale wasiojua kuchora mstari ulionyoka. Funzo lenyewe ni kwamba bidhaa ya mchoraji huyu, akiwa mchoraji wa haki, si karatasi wala rangi. Bidhaa yake ni ukweli. Na kwa kuwa najua swali litakaloulizwa kwanza majumbani mwetu, nasema mapema: maneno yetu hapa ni juu ya chombo kisicho roho, na wanavyuoni wengi hawakuona ubaya wa kuchora kisicho roho.

ASILI YAKE

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kamati ya wachoraji wa vita. Mwenyekiti wake alikuwa Kenneth Clark, mkuu wa jumba la taifa la picha huko London. Hata vita vilipokwisha mwaka 1945, wachoraji zaidi ya 400 walikuwa wametoa picha zao kwa kamati hiyo. Baadhi yao walipewa kazi ya kuchora habari za jeshi la anga.

Mmoja wao alikuwa Paul Nash. Huyu alikuwa na maradhi ya pumu, wala hakuweza kupanda ndege. Basi mwaka 1940 alikwenda Cowley, karibu na mji wa Oxford, mahali palipolundikwa mabaki ya ndege za Kijerumani zilizoangushwa. Akapiga picha kwa kamera, akachora, kisha akarudi akatengeneza picha ya rangi aliyoiita Totes Meer, yaani Bahari Iliyokufa. Ndani yake mabawa yaliyovunjika yameinuka kama mawimbi chini ya mwezi, na kiumbe hai ni bundi mmoja tu arukaye kwa mbali. Picha hiyo imo katika jumba la Tate, London.

Mwingine alikuwa Eric Ravilious, hodari wa rangi za maji na kalamu ya risasi. Mwezi wa Septemba mwaka 1942 alikuwa Iceland. Ndege moja ilipotea, na nyingine ikaenda kuitafuta. Ravilious akaomba kuwamo katika hiyo iliyokwenda kutafuta. Nayo haikurudi. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Wa tatu ni Frank Wootton, ambaye mwaka 1941 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kuchora ndege. Mwaka 1944 alikwenda Normandy kuchora kazi za jeshi la anga, na baadaye akapelekwa India na Burma. Na Burma si jina geni masikioni mwetu. Mwaka huo huo wa 1944 wazee wetu wa King's African Rifles, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa wakiteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa. Njia zote ziligeuka tope, hata chakula chao kikawa kinaangushwa na ndege. Kwa wazee wale ndege ya jeshi haikuwa pambo la ukutani. Ilikuwa ni tumaini la kula siku ile.

Vita vikapita, lakini hamu ya picha hizo haikupita. Mwaka 1971 wachoraji wa ndege wa Uingereza waliunda chama chao, na Wootton akawa rais wake wa kwanza.

KAZI YENYEWE

Tuanze na kalamu. Ingawa twaiita kalamu ya risasi, ndani yake hamna risasi. Mna madini meusi yaitwayo grafiti, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na mstari wake huwa mwembamba wa kijivu; hiyo huandikwa herufi H. Grafiti ikizidi, kalamu huwa laini na nyeusi. Hiyo huandikwa B. Mchoraji huanza na kalamu ngumu, mathalan 2H, kwa mkono mwepesi, ili mistari ya kwanza ifutike bila ya kuacha kovu. Humaliza na kalamu laini, 4B au 6B, kwa kivuli kilicho chini ya bawa na kwa matundu ya injini. Mng'aro wa jua juu ya bati hauchorwi kabisa: ni karatasi yenyewe iliyoachwa nyeupe. Kwa hiyo tangu mwanzo lazima ajue ni wapi hatagusa. Na chini ya kiganja chake huweka kipande cha karatasi safi, ili jasho na mkono visije vikachafua kazi ya siku tatu kwa dakika moja.

Ama ndege yenyewe ni chombo kigumu kuchora kuliko nyumba au lori. Nyumba ina pembe, na pembe humwongoza mchoraji. Ndege imepinda kila upande. Tazama Spitfire, ndege ya Kiingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Kutoka ncha ya bawa hata ncha ya bawa ilikuwa na mita 11 na ziada, na urefu wake mita 9 na ziada. Na kingo za mabawa yake zimepinda mbele na nyuma, mithili ya duara lililobanwa. Ndege hiyo ikigeuka angani, bawa la karibu huonekana refu na la mbali huonekana fupi. Mchoraji akikosea kidogo, chombo kizima huonekana kimevunjika. Ndiyo sababu wengi wao huchora kwanza sanduku lenye vipimo, kisha wakaiweka ndege ndani ya sanduku. Mmarekani Keith Ferris amesifika kwa kupiga hesabu hizi kama mhandisi. Mwaka 1976 alichora ukutani, katika makumbusho ya anga huko Washington, ndege ya B-17 katika picha yenye upana wa futi 75 na kimo cha futi 25.

Kisha yako mambo madogo, na hayo ndiyo yanayomfedhehesha mvivu. Magurudumu ya Spitfire hukunjwa kuelekea nje, kwenye ncha za mabawa. Ya Hurricane hukunjwa kuelekea ndani. Rafadha ya Spitfire za kwanza, zenye injini ya Merlin, huzunguka kulia kwa mtazamo wa rubani. Zile za baadaye zenye injini ya Griffon huzunguka kushoto. Rubani mzee akisimama mbele ya picha hana haja ya kujua sanaa. Atatazama gurudumu na rafadha, naye atajua papo hapo kama mchoraji alitafuta au alibahatisha.

Na jambo dogo kuliko yote ni herufi ubavuni. Ndege nyingi za Kiingereza za vita vile ziliandikwa herufi mbili za kikosi, kisha herufi moja ya ndege yenyewe. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Miongoni mwa wanunuzi wa picha hizi wako wajane, watoto na wajukuu wa marubani, wanaotaka ndege ya mtu wao. Mchoraji akiandika herufi isiyo yake, amemchorea mjane ndege ya mume wa mwanamke mwingine. Anayeijua kazi yake husoma daftari za safari za rubani na hutafuta picha za zamani kabla ya kuchonga kalamu.

BIASHARA YAKE

Picha ya asili huuzwa mara moja tu, nayo yaweza kuchukua wiki nyingi. Kama mchoraji angeitegemea hiyo peke yake, angelala njaa. Hivyo picha hupigwa chapa, na nakala zake huuzwa kwa hesabu maalumu. Ukiona pembeni mwa nakala pameandikwa 125/500, maana yake ni kwamba zilipigwa nakala 500, na hiyo ni ya 125. Hesabu ikitimia, hazipigwi nyingine za toleo hilo. Thamani yake yatokana na ahadi hiyo. Wako pia wanaolipa zaidi ili mchoraji awachoree kwa mkono wake, katika ukingo mweupe wa nakala, kijipicha kidogo cha kalamu ya risasi ambacho hakuna mwingine aliye nacho.

Kilichoikuza sana biashara hii ni sahihi za marubani. Robert Taylor, aliyezaliwa katika mji wa Bath mwaka 1946, alianza kwa kutengeneza fremu za picha za watu wengine. Baadaye picha zake mwenyewe zikapigwa chapa, na baadhi zikatiwa sahihi na marubani mashuhuri kama Johnnie Johnson na Douglas Bader, yule aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya ndege mwaka 1931 na hata hivyo akarudi kuruka vitani. Sahihi hizo kwa desturi hutiwa kwa kalamu ya risasi, kwani haichujuki na mwanga kama wino.

Lakini kijana asidhani kuwa bei yote ni faida. Ndani yake mna karatasi isiyogeuka manjano, gharama ya chapa, fremu na kioo, na sehemu ya mwenye duka la picha, ambayo mara nyingi si ndogo. Juu ya hayo zipo saa za kutafuta habari, ambazo hakuna mnunuzi azionaye.

KHIYANA MBILI

Biashara iliyosimama juu ya ahadi huanguka kwa khiyana, na hapa khiyana ni mbili.

Ya kwanza ni ya hesabu na sahihi. Tarehe 17 Machi 2025 alifariki John Hemingway, mwenye umri wa miaka 105. Alikuwa wa mwisho kati ya wanaanga karibu 3,000 waliopigana juu ya Uingereza mwaka 1940. Tangu siku ile hakuna sahihi mpya ya kweli ya yeyote kati yao itakayowekwa juu ya karatasi. Zilizopo zitapanda bei, na bei ikipanda mwenye kughushi huamka. Vilevile yule anayepiga nakala ya 501 baada ya kuahidi 500 amewaibia watu 500 kwa mara moja, ijapokuwa hakuingia nyumba ya mtu.

Khiyana ya pili ni ya siri zaidi, nayo ni khiyana ya uzuri. Ndege ya Lancaster ilikuwa na injini nne na watu saba. Ikichorwa usiku juu ya mawingu, mwezi ukimulika mabawa yake, hupendeza kuitazama. Lakini mwezi wa Julai mwaka 1943 ndege kama hizo ziliuchoma mji wa Hamburg, na watu zaidi ya 30,000 walikufa, wanawake na watoto wakiwamo. Na kati ya vijana wapatao 125,000 waliohudumu katika ndege za mabomu za Uingereza, 55,573 hawakurudi makwao. Mchoraji anayechora mwezi na mabawa peke yake, miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa hayo ndiyo yanunuliwayo, hakusema uwongo kwa neno lolote; lakini amemfanya kijana aamini kuwa vita ni mawingu mazuri.

Je, basi achore maiti? Hapana. Paul Nash hakuchora hata maiti mmoja katika Bahari Iliyokufa, na bado hakuna atazamaye picha ile akatamani vita. Mchoraji aweza kuchora ndege iliyorudi na tundu ubavuni. Aweza kuchora mafundi waliosimama alfajiri kando ya njia ya kutulia ndege, wakihesabu zilizorudi na kuona kuwa hesabu haikutimia. Huo nao ni ukweli wa ndege za vita, na rubani mzee akiuona huukubali kuliko moshi na moto.

KWENU VIJANA, NA KWETU WAZAZI

Kijana mwenye mkono mwepesi asingoje Spitfire. Na aanze na kilicho mbele ya macho yake: baiskeli, jahazi bandarini, lori la sokoni. Vyote vina duara zinazobanwa na bati linalong'aa. Akiiga picha iliyopigwa na mtu mwingine kwa ajili ya kujifunza, aseme kuwa ameiga, wala asiiuze kama yake. Na asitie jina lake juu ya kazi ambayo hangeweza kuitetea mbele ya mtu aliyekuwapo.

Ama sisi wazazi na walimu, tukikuta eropleni nyuma ya hesabu, tumwambie mtoto amalize hesabu kwanza. Kisha tukae naye, tumwulize kwa upole: rubani wako ni nani, na ametoka wapi? Magurudumu yake hukunjwa upande gani? Na mabomu haya, mwanangu, yaangukia juu ya nyumba ya nani? Mtoto atakayejifunza kuyajibu maswali hayo, hata kama hatauza picha maishani mwake, atakuwa amefundishwa kuutazama ukweli wote kabla ya kuutia mkono.