MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili huambiwa wafanyabiashara, lakini leo twapenda kulielekeza kwenye mali iliyolala chini ya miguu yetu, ambayo daftari lake ni kumbukumbu za wapimaji wa ardhi.

Tanzania imejaliwa mabonde makubwa ya mashapo, yaani mchanga, udongo na chokaa vilivyoletwa na mito, maziwa na bahari kwa mamilioni ya miaka, vikalaliana tabaka juu ya tabaka hata vikawa mwamba. Mabonde hayo yapo pwani na chini ya bahari, yapo Ruhuhu penye makaa ya mawe, yapo Rukwa na Ziwa Tanganyika.

Mabonde hayo hayaonekani yote kwa macho. Mjuzi wa miamba hutembea kandokando yake na kusoma tabaka zilizojitokeza juu. Mwenziwe hupima nguvu ya mvutano wa dunia, kwani mashapo ni mepesi kuliko mwamba wa chini, na yalipo manene mvutano hupungua kidogo. Wengine huitikisa ardhi na kunasa mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka, wakapata umbo la yaliyofichika. Mwisho huchimbwa kisima. Lakini mwangwi hauwezi kusema kwa hakika kama umbo hilo limejaa gesi au maji, na kisima husema kweli ya tundu moja tu. Ndiyo sababu habari hizi zote hazina budi kuwekwa pamoja na kusomwa pamoja.

Historia yetu yashuhudia. Kati ya mwaka 1954 na 1962 visima virefu vilichimbwa Mafia, Unguja na Pemba, wala mafuta ya kuuza hayakupatikana. Hata hivyo visima hivyo viliwafundisha wataalamu mengi juu ya tabaka za pwani. Mwaka 1974 kampuni ya Agip ya Italia ilivumbua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, ikaona haina faida ya kutosha, ikaiacha. Shirika la Maendeleo ya Petroli, lililoanzishwa mwaka 1969, halikukata tamaa; liliendeleza kazi na kuchimba visima vingine. Mwaka 2004 gesi hiyo ilifika Dar es Salaam kwa bomba, ikaendesha mitambo ya umeme ya Ubungo. Kile alichokiacha mgeni kiliwasha taa za wenyeji.

Mfano wa pili ni Rukwa. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilipima bonde hilo ikitafuta mafuta, na mwaka 1987 visima viwili vilichimbwa pasipo mafanikio. Mtu mwenye haraka angalisema kazi ile ilipotea bure. Lakini mwaka 2016 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba pana heliamu nyingi huko, gesi ambayo hutumika kupoza mashine kubwa za kupigia picha hospitalini. Picha za mwangwi zilizopigwa kwa ajili ya mafuta ndizo zilizosaidia kuonyesha mahali ambapo heliamu yaweza kunaswa.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba kumbukumbu ya kisima kikavu nayo ni mali ya taifa. Kanda za zamani huharibika, ramani huliwa na mchwa, na anayeijua maana yake hustaafu. Zikipotea, tutalazimika kulipia upya vipimo tulivyokwisha kuwa navyo. Tena ni hatari zaidi kuketi na wageni kugawana mapato huku wao peke yao ndio wawezao kusoma daftari. Mwenye shamba asiyejua mipaka yake hupokea anachopewa.

Hapana budi basi kumbukumbu hizi zitunzwe vizuri, zinakiliwe kwa vyombo vya kisasa, na vijana wetu wanaosomea miamba wapewe nafasi ya kuzichambua. Mwamba utangoja miaka milioni nyingine, karatasi haingoji.