HESABU ILIYOMO NDANI YA MKEKA

Siku za malipo ya mazao, katibu wa chama cha msingi huwa tayari kwa maswali ya dirishani: uzito uliopimwa, daraja la mazao, makato ya ushuru, na deni la pembejeo lililobaki. Tangu malipo yaanze kupitia benki na simu za mkononi, limeongezeka swali jingine, nalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mwanachama ana mkeka wa mechi sita. Timu zote alizochagua ni kubwa, na dau ni shilingi 1,000 tu. Je, pana ubaya gani?

Kumjibu kwamba kamari ni mbaya hakumsaidii, kwani neno hilo amekwisha kulisikia nyumbani na katika ibada, na bado amekuja. Isitoshe, kwa Tanzania mchezo huo unaruhusiwa kwa mtu aliyetimiza miaka 18, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na iko Bodi inayousimamia. Linalomfaa mwanachama huyo ni hesabu, na hesabu yenyewe haizidi ugumu ile anayoifanya katibu anapokokotoa riba.

Mkeka ni beti moja inayounganisha mechi mbili au zaidi. Sharti lake ni kwamba kila utabiri utimie. Mmoja ukikosewa, dau lote limepotea. Jina limekaa vizuri, maana ukili hushonwa kwa ukili mpaka mkeka ukamilike. Tofauti iliyopo ni kwamba mkeka wa ukindu ukikatika ukili mmoja bado hulaliwa.

Msingi wa bei ni odi. Odi ni namba inayoonyesha dau litarudi mara ngapi endapo utabiri utatimia: odi ikiwa 2.00, shilingi 1,000 hurudi 2,000, dau lenyewe likiwa ndani yake. Namba hiyo ina maana ya pili ambayo wachezaji wengi huipita. Ukigawanya 100 kwa odi, unapata asilimia ya uwezekano iliyobebwa na bei hiyo. Chukua mechi ambayo mwenyeji amewekewa 2.00, sare 3.40, na mgeni 3.80. Mwenyeji anapata asilimia 50, sare 29.4, na mgeni 26.3. Jumla ni 105.7. Lakini matokeo yote ya mechi moja, yakijumlishwa, hayawezi kuzidi asilimia 100. Hizo 5.7 zilizozidi ndizo ujira wa kampuni, uliokaa ndani ya bei kama kilo za mkulima zinavyokaa ndani ya mizani iliyoegemea upande mmoja. Ila huu si wizi: namba zimeandikwa wazi, na ajuaye kugawanya huziona.

Ujira huo, katika mechi moja, ni mdogo. Tatizo la mkeka huanzia hapa. Tuseme upo utabiri wenye pande mbili zilizo sawa kabisa, kama shilingi inayorushwa juu. Odi ya haki ingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni hutoa, tuseme, 1.90. Kwa wastani, katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa, 950 hurudi kwa wachezaji na 50 hubaki. Utabiri wa namna hiyo ukiunganishwa miwili, odi huzidishwa: 1.90 mara 1.90 ni 3.61, mahali ambapo haki ilikuwa 4. Ukiwa mitano, odi ni 24.76, na haki ilikuwa 32. Ukiwa kumi, odi ni 613, na haki ilikuwa 1,024. Mchezaji huona namba ikipanda kutoka 1.90 hadi 613 na moyo wake hupanda nayo. Asichokiona ni kwamba sehemu ya kampuni nayo imepanda, kutoka shilingi 50 hadi kiasi cha 401 katika kila 1,000. Kila mechi inayoongezwa hukatwa ujira wake, na ujira huzidishwa juu ya ujira, kama riba inavyozaa riba.

Hapo mwanachama wa dirishani atasema kwamba yeye harushi shilingi. Yeye huchagua timu za uhakika. Basi na zitazamwe timu hizo. Tuseme zote sita zimewekewa odi ya 1.25. Bei hiyo imebeba asilimia 80, na ukiondoa ujira wa kampuni, uwezekano wa kweli ni karibu 76. Kila timu, ikitazamwa peke yake, inatarajiwa kushinda mechi tatu katika kila nne, na mtu hana kosa akiiita imara. Lakini mkeka hauombi timu moja ishinde. Unaomba zote sita zishinde kwa pamoja, nazo 0.76 zikizidishwa mara sita hutoa 0.19. Katika mikeka 100 ya namna hiyo, kama 19 ndiyo itakayolipa, na kila uliolipa utatoa shilingi 3,815 kwa dau la 1,000. Mikeka 81 itachanika.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ya yote ni namna mikeka hiyo 81 inavyochanika. Hesabu inaonyesha kwamba mikeka 36 au 37 katika 100 itaharibiwa na timu moja tu, na kama 29 itaharibiwa na timu mbili. Maana yake, katika mkeka wa namna hii, kukosa kwa timu moja ndilo tokeo la kawaida kuliko mengine yote, na hutokea karibu mara mbili ya ushindi. Mtu anayesema Jumapili jioni kwamba timu moja tu ndiyo iliyomwangusha, na kwamba kwa hiyo wiki ijayo atapata, amelisoma vibaya daftari. Hakuukaribia ushindi, amepata kile ambacho mkeka huo humpa mteja wake mara nyingi zaidi. Pengine hakuna hisia inayowarudisha watu wengi kwenye simu kuliko hiyo.

Wala timu imara kuanguka si muujiza. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022, tarehe 22 Novemba, Argentina ilifungwa na Saudi Arabia mabao 2 kwa 1. Kesho yake Ujerumani ilifungwa na Japani, pia 2 kwa 1. Argentina iliendelea na mashindano hadi ikatwaa kombe. Mkeka uliokuwa na jina lake siku ile ya kwanza haukuwa na nafasi ya kusubiri.

Baadhi ya kampuni hutoa nyongeza kwa anayeunganisha mechi nyingi. Nyongeza ya asilimia 10 juu ya malipo, katika mkeka wa mechi sita uliotajwa, huinua wastani wa marejesho kutoka shilingi 735 hadi kama 808 kwa kila 1,000. Hasara imepungua, haikuondoka. Kodi nayo ipo, na kiwango chake hubadilishwa na sheria za fedha mara kwa mara, hivyo yafaa kuuliza cha mwaka husika. Haki inataka isemwe pia kwamba mtu ajuaye uwezekano wa mechi kuliko aliyepanga bei anaweza kupata faida, na katika mkeka faida hiyo nayo ingezidishwa. Lakini ni lazima aijue vizuri zaidi kila mechi aliyoiweka, tena kwa kiasi kinachozidi ujira. Kuipenda timu na kuijua bei yake ni mambo mawili tofauti.

Mahali pengine wanachama huchangishana wakaweka dau moja, na jambo hilo huitwa ushirika. Neno limetumika vibaya. Watu 20 wakichanga shilingi 1,000 kila mmoja, uwezekano wa mkeka haubadiliki hata kidogo. Lililokua ni dau tu, na ushindi ukipatikana utagawanywa kwa watu 20. Katika kikundi cha wakopaji wanaodhaminiana, mmoja akiyumba wenzake humbeba mpaka msimu ujao. Katika mkeka, mmoja akiyumba huwaangusha wote watano waliobaki, hata kama wameshinda mabao manne kwa bila.

Kwa kamati za mikopo, swali ni jepesi kuliko linavyoonekana. Mkopo wa pembejeo ukilipwa moja kwa moja kwa muuzaji wa mbolea haupiti kwenye simu ya mkopaji, na majaribu hayapati nafasi. Fedha za makusanyo ya chama nazo zipelekwe benki siku ile ile, zisilale mfukoni mwa mtu usiku wa mechi.

Na kwa mwanachama anayeshikilia kwamba yeye yuko mbele, katibu anaweza kumpa karatasi iliyopigwa mistari mitatu: tarehe, dau, kilicholipwa. Aandike kila mkeka, ule uliochanika kwanza, maana huo ndio unaosahaulika. Mtu wa shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku 300, huweka 300,000. Akicheza mechi sita za bei iliyoelezwa, atarajie kurudishiwa kama 220,500. Akicheza ule wa tabiri kumi za 1.90, kama 180,000, tena zikija, kama zikija, kwa mkupuo mmoja ambao mwaka mzima unaweza kupita bila kuuona. Jumla ya mstari wa pili na jumla ya mstari wa tatu ziandikwe chini, kwa wino.