Ukifika Isiolo usijaze mafuta tu, keti ule

Ukiulizwa leo utaje mahali pa kula msosi wa hadhi, najua akili yako itakapokimbilia: Westlands, Kilimani, au Nyali kama uko Mombasa. Kitambaa cheupe mezani, sahani kubwa yenye chakula kidogo, na simu ya kupiga picha kabla hujaonja chochote. Isiolo haimo kwenye orodha yako. Kwa wengi wetu, Isiolo ni pale basi linaposimama kidogo likielekea Marsabit, au pale gari la marafiki linapojaza mafuta kabla ya safari ya kupanda Ololokwe.

Hapo ndipo unapitwa. Mji huu una vyakula vinavyochukua siku nzima, vingine siku kadhaa, kuandaliwa. Vina kanuni zake za kupakuliwa na kuliwa. Tena vinategemea maji ambayo kila mtu sasa anayavutia upande wake, kwa hivyo ni vyema ukavijua mapema.

Mji uliokuwa lango

Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 280. Ukishapita Nanyuki na Timau, kwenye baridi na mashamba ya ngano, barabara inaanza kuteremka na joto linakupokea. Mlima Kenya unabaki nyuma yako. Mbele ni nchi tambarare ya kaskazini, na mlangoni pake ndipo ulipo mji wa Isiolo, kando ya mto mdogo wenye jina hilohilo. Maji ya mto huo huelekea Ewaso Nyiro, mto mkubwa unaopita Archer's Post, mwendo mfupi kutoka mjini.

Mji ulishika kasi miaka ya 1920. Wanajeshi Wasomali waliopigana upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makao hapa, na wakoloni wakaweka karantini ya mifugo iliyokuwa ikitoka kaskazini. Ukiongeza Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru, unaelewa mbona sahani za Isiolo hazifanani na za mji mwingine wowote Kenya.

Kwa miaka mingi palikuwa na kizuizi barabarani. Wilaya za kaskazini zilikuwa zimefungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Lami nayo ilikuwa ikiishia hapa. Ndiyo maana watu wa kaskazini walizoea kusema "naenda Kenya" kila waliposafiri kusini. Siku hizi lami inakwenda hadi Moyale, kama kilomita 500 mbele, na unaweza kuipita Isiolo bila hata kugundua kwamba umevuka lango.

Kama umewahi kutembea Wabera Street jijini Nairobi, pale karibu na maktaba ya McMillan, basi jina la Isiolo umelikanyaga bila kujua. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Aliuawa Juni 1963, miezi michache tu kabla ya uhuru. Mjini Isiolo pia kuna wadi yenye jina lake.

Sasa tule

Anza asubuhi. Acha mkate na soseji, agiza anjera: chapati laini ya unga uliochachushwa usiku kucha, yenye vitundu juu kama sega la nyuki. Wengine huila na mafuta ya simsim na sukari, wengine na maini yaliyokaangwa na vitunguu. Pembeni kuna chai ya viungo iliyopikwa kwa maziwa ya ngamia. Ni nzito kiasi, ina chumvichumvi kwa mbali, na baada ya kikombe cha pili utaanza kuitilia shaka ile chai uliyolelewa nayo.

Mchana, tafuta hoteli yenye watu wengi na sinia kubwa. Wali hupikwa kwa supu ya nyama pamoja na iliki, mdalasini na bizari, kisha nyama ya mbuzi au ya ngamia ikalazwa juu. Ukiletewa ndizi mbivu, usiiweke kando ukidhani ni ya baadaye. Inaliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge, na utamu wake unatuliza pilipili. Jaribu kwanza ndipo ubishe.

Nyama ya ngamia haitaki haraka. Ikiharakishwa inakuwa kamba. Ikiachwa kwenye moto wa polepole inalainika, na mpishi anayejua kazi yake atakutilia kipande cha mafuta ya nundu bila wewe kuomba. Ukikipata, shukuru.

Ila kama unataka kitu cha kujivunia ukirudi mjini, uliza nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwa tena vidogovidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli au mafuta. Inakaa miezi bila friji. Ilibuniwa kwa ajili ya safari ndefu, lakini leo ni chakula cha heshima. Katika baadhi ya harusi za Wasomali, nyirinyiri hutiwa kwenye chombo kinachofunikwa na kufungwa kwa kamba na mafundo ya makusudi, na watu wa upande wa bwana harusi hupewa kazi ya kukifungua. Wakishindwa, wanachekwa. Niambie ni mkahawa gani wa Westlands wenye kiingilio kama hicho.

Ukibahatika kukaribishwa na familia ya Kiborana, huenda ukapewa buna. Usitarajie kahawa ya kikombe kama ya mgahawani. Hapa tunda zima la kahawa hukaangwa kwa samli, likatiwa maziwa, na wazee hutoa baraka kabla halijaandamwa. Buna huwekwa mbele ya mgeni, mbele ya dua na mbele ya suluhu. Ukipewa, kaa chini. Usiseme una haraka.

Maziwa yanayofika Nairobi kabla yako

Kitu ambacho Isiolo inakiuza kuliko vyote ni maziwa ya ngamia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya ngamia milioni 4.6 nchini Kenya, na Isiolo ni kituo kikuu cha kukusanyia maziwa yanayoteremka hadi Eastleigh.

Biashara hii imeshikwa na kina mama. Ngamia hukamwa alfajiri huko malishoni, maziwa yakaletwa mjini kwa gari au pikipiki. Mjini kina mama huyapokea, huyanusa na kuyapima, huyapoza, kisha huyapakia kwenye basi la Nairobi. Kikundi cha Anolei ni mojawapo ya vyama vya akina mama vilivyojengwa juu ya kazi hii. Kosa dogo la usafi kwenye mtungi mmoja linaweza kuharibu mzigo wa siku nzima, na joto la huku halina huruma.

Ile ladha ya moshi utakayoihisi imetiwa makusudi. Chombo hufukizwa kwa vijiti vya miti maalumu kabla ya maziwa kutiwa, ili yakae muda mrefu na yawe na harufu nzuri. Kila mama ana mti anaouamini. Yakiachwa yachachuke, yanakuwa susa, mala ya ngamia, ambayo jua likipanda inakata kiu kuliko soda yoyote.

Mto una wateja wengi

Sasa tuongee ukweli kidogo. Ruwaza ya 2030 iliipa Isiolo ndoto kubwa. Chini ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, Isiolo ilitajwa pamoja na Lamu na Turkana kama mahali pa kujengwa mji wa kitalii: hoteli kubwa, wageni wa kimataifa, meza za vitambaa vyeupe. Eneo lililotajwa ni Kipsing, magharibi mwa mji. Maji yangetoka kwenye bwawa la Crocodile Jaws, juu ya mto Ewaso Nyiro.

Shida ni kwamba mto huo tayari una wenyewe. Huko juu, mashamba ya kunyunyizia maji ya maua na mboga huchota sehemu yake. Huku chini, mfugaji anahitaji sehemu yake. Na ukiingia mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba utakuta tembo wakivuka kwenye maji hayohayo, swala twiga na punda milia wa Grevy wakisubiri zamu. Kiangazi kikikaza, mto hukauka na kubaki mchanga. Ndiyo maana tangu 2013 jamii za kandokando ya Ewaso Nyiro zimekuwa zikifanya msafara wa ngamia kufuata mto, kuutetea.

Wewe uliyeishi Kenya mwishoni mwa 2020 hadi 2022 unakumbuka habari za ukame: misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 waliokufa nchini. Ngamia walihimili kuliko ng'ombe, na baadhi ya wafugaji wameanza kuhamia kwao. Lakini hata ngamia hana ujanja ikiwa hakuna pa kunywa. Naye hubeba mimba miezi 13, kwa hivyo kundi likipungua halirudi haraka.

Sipingi hoteli kubwa. Vijana wa Isiolo wanataka kazi, na hoteli ni kazi. Ninachouliza ni hiki: mji wa kitalii ukijengwa, mgeni ataletewa nini mezani? Kama bwawa limekunywa mto na mfugaji amehama, menyu itakuwa ileile ya kila mahali, na maziwa yatatoka kwenye pakiti.

Kabla hujapanda gari

Hoteli nyingi za mjini ni za halali, kwa hivyo bia isahau. Ijumaa wakati wa swala utakuta milango imefungwa, subiri. Mwezi wa Ramadhani mchana ni kimya, lakini baada ya kufuturu mji unaamka na sambusa zinatoka moto. Vaa kwa staha, nawa mikono, kula kwa mkono wa kulia, anza upande wako wa sinia. Salimia "asalamu aleikum" hata kama si dini yako, na kabla ya kumpiga mtu picha au ngamia wake, omba ruhusa.

Nunua maziwa kwa kina mama wenyewe, papo hapo, na usibishane kuhusu shilingi kumi. Kisha sikiliza ushauri wa mwisho: tumbo lisilozoea maziwa ya ngamia huendesha. Siku ya kwanza kunywa kikombe kimoja. Usimalize lita nzima halafu upande basi la saa sita kwenda Nairobi.