Mawenzi

Mawenzi ni kilele cha pili kwa urefu katika mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Kina mita 5,149 juu ya usawa wa bahari. Ni mabaki ya volkeno iliyozimika kabisa, tofauti na jirani yake Kibo (m 5,895), ambayo imelala tu.

Jiolojia

Kilimanjaro ilijengwa na volkeno tatu: Shira, iliyotangulia, kisha Mawenzi na Kibo. Mawenzi ilianza kutoa lava takriban miaka milioni 1 iliyopita, ikazimika kama miaka nusu milioni baadaye. Tangu hapo haikupata lava mpya ya kuziba palipobomoka, huku mvua, barafu na maporomoko vikiendelea kuimega. Upande wa mashariki ukingo wa kasoko umetoweka, na mahali pake pana makorongo mawili yenye kina kikubwa.

Kilichobaki ni ukuta uliochongoka kama meno ya msumeno. Zamani magma ilipanda katika nyufa za mlima ikagandia humohumo, ikawa mwamba mgumu kuliko majivu na lava iliyouzunguka. Tabaka laini zilipomomonyoka, mwamba huo ulibaki umesimama wima. Hivyo mambo ambayo Kibo bado imeyaficha tumboni, Mawenzi huyaonyesha waziwazi.

Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hata Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kichwa chake kimevunjikavunjika.

Upandaji

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu ya Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Walijaribu Mawenzi pia, wakashindwa. Ncha yake ya juu, yenye jina la Meyer, ilifikiwa mara ya kwanza tarehe 29 Julai 1912 na Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute, ingawa ni fupi kuliko Kibo kwa mita 746.

Kibo hupandwa kwa miguu. Mawenzi hudai kamba, kofia ngumu na ujuzi wa kukwea miamba. Tena ujuzi pekee hautoshi, kwa sababu mwamba wake umeoza: jiwe linaloshikwa huweza kung'oka na kubaki mkononi. Usiku maji yaliyomo katika nyufa huganda na kutanuka. Jua la asubuhi likiyeyusha barafu hiyo, mawe huanza kudondoka. Wanaothubutu ni wachache. Wengi zaidi huiona Mawenzi kutoka kambi iliyo kando ya ziwa dogo chini ya kuta zake, wanapozoea hewa nyepesi kabla ya kuelekea Kibo.