Bieli ya okazio: irudi mu motere ao hapana?



Tangu mahindi yameanza kuvunwa, swali moja linarudi ku kila mukutano: motere ya kusaga imeharibika, fundi anaomba bieli mupya, lakini ku Kikula kuko mutu anauzisha ya okazio kwa bei ndogo. Tununue? Mimi ni agronome, si mekanisye. Lakini nimeona mifuko ya mahindi imelala karibu na motere iliyokufa. Njo maana nilikaa na mafundi, nikauliza, nikaangalia.

Kazi ya bieli

Bieli ni mukono wa chuma unaounga pistoni na vilebrekeni. Motere ya mazutu ya S195, ile ya silinda moja, inazunguka mara 2000 kwa dakika. Kwa saa moja ni mizunguko 120 000, na kila mara bieli inasukumwa na kuvutwa. Chuma kinachoka kuanzia kidonda kidogo: mukwaruzo, kutu, alama ya nyundo. Ufa unaendelea polepole, kisha siku moja bieli inakatika. Hapo inaweza kutoboa ubavu wa motere na kuumiza mutu anayesimama karibu.

Koperative moja, sitataja jina, ilitaka kuokoa franka ku bieli. Juma la tatu, bloki ilitoboka. Motere yote ilipotea, na mama wakaanza tena kubeba mahindi ku kichwa mpaka kijiji kingine.

Uliza kwanza historia yake

Motere ilikufa namna gani? Kama ilikauka mafuta, ilikamata, ao ilimeza maji mu silinda, acha bieli ile. Muuzaji akikosa jibu, muihesabu kuwa na mashaka.

Kisha mupime

1. Rangi. Osha vizuri na mazutu, panguza, angalia ku jua. Buluu karibu na tundu kubwa inaonyesha chuma kilipata moto mukali, karibu digrii 300 ao kupita. Usiitumie.

2. Vidonda. Bieli iliyosudiwa, iliyopigwa nyundo ao iliyoliwa na kutu ya mashimo, tupa.

3. Ufa. Ilowekwe mu petrole ya taa kwa masaa machache. Ipanguze ikauke kabisa, ipake unga wa chaki, iguse polepole na kipande cha mbao. Petrole iliyojificha mu ufa itatoka na kuchora musitari mweusi ku chaki. Angalia zaidi kando ya buloni na pale mukono unapokutana na tundu. Lakini ufa uliofichwa ndani ya chuma, chaki haiuoneshi.

4. Kifuniko. Bieli na kifuniko chake vilitengenezwa pamoja. Namba ao alama zao lazima zifanane. Kifuniko cha bieli ingine hakikubaliwe, hata kikiingia.

5. Uviringo. Fundi akaze kifuniko bila kusineti, apime tundu kubwa kwa upande tatu. Vipimo vikitofautiana kupita kile kitabu cha motere kinaruhusu, tundu limekuwa yai. Kusineti mupya haitadumu mule.

6. Unyoofu. Ingiza chuma kinyoofu kinachojaa vizuri mu kila tundu, pima nafasi kati yao ku pande zote mbili. Zikitofautiana, bieli imepinda. Kisha angalia kama imejikunja kama kamba: vyuma viwili vinapaswa kulala usawa mumoja. Kuinyoosha na nyundo ni kuizidishia uchovu.

Hapa Likasi tuko na bahati: karakana kubwa za Gécamines ku Panda zilifundisha mafundi wengi wa chuma. Tafuta fundi mwenye vyombo vya kupimia. Jicho peke yake halitoshi.

Buloni: hapana kujadiliana

Hata bieli ikiwa muzuri, buloni na ekru ziwe mupya, za motere ile ile. Buloni ya zamani imevutika. Ikikatika, bieli yote inaenda. Zikazwe na ufunguo wenye kupima nguvu, kadiri ya kitabu, si kwa nguvu ya mukono.

Nani anakata shauri?

Kosa moja tu linatosha kukataa. Kama kipimo kimoja hakikufanyika, muhesabu kama bieli imeanguka. Musiache mwenye kutunza sanduku aamue peke yake kwa bei. Fundi, yule anayeendesha mashini na komite waangalie pamoja, kisha waandike mu kitabu: tarehe, bieli ilitoka wapi, nani aliipima.

Na kila asubuhi, mbele ya kuwasha, angalia mafuta ya motere. Bieli nyingi hazikufa kwa uzee. Zilikufa kwa njaa ya mafuta. Ukisikia motere inagonga, zima saa ile ile. Mahindi yanaweza kungoja siku mbili. Mukono wa mutu hauna okazio.