Miwani kwa hesabu ya magunia ya mahindi

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliweka bei ya gunia la mahindi la kilo 90 katika maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) kuwa Sh4,000. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Meta ikatoa miwani ya Quest 3 kwa dola 499, dola ikikaribia Sh150. Mkulima wa Trans Nzoia anayeuza mazao yake Kitale angehitaji kama magunia 19 kupata moja, kabla ya ushuru na usafirishaji. Vision Pro ya Apple, iliyoingia sokoni Februari 2024 kwa dola 3,499, ingemeza zaidi ya magunia 130 kwa hesabu hiyo.

Kwa bei kama hizo, anayenunua anapaswa kujua ananunua nini. Miwani ya VR (uhalisia pepe) hufunika macho kabisa. Anayeivaa haoni chumba alimo, huona ulimwengu uliochorwa na kompyuta. Ya AR (uhalisia ulioongezwa) humwacha aone mashine au mgonjwa aliye mbele yake, kisha huweka maandishi na michoro juu yake. Quest 3 na Vision Pro hujaribu kufanya yote mawili, kamera zikiingiza picha ya nje ndani ya miwani.

Jina la AR lilizaliwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na wenzake wakitafuta njia ya kuwaelekeza mafundi wanaounganisha nyaya za ndege. VR ilipata wateja miongoni mwa makampuni kwa ajili ya mafunzo: Walmart iliagiza miwani 17,000 mwaka 2018 kufundishia wafanyakazi. Miwani ya AR imepata taabu zaidi. Google iliacha kuuza Glass mwaka 2023, na mwaka uliofuata Microsoft ikasitisha utengenezaji wa HoloLens 2, iliyogharimu dola 3,500.

Huko Kitale na Bungoma, mnunuzi wa VR anayefaa ni chuo. Katika Kitale National Polytechnic au Chuo Kikuu cha Kibabii, darasa zima linaweza kupokezana miwani michache. Mwanafunzi wa kuchomelea hurudia zoezi bila kumaliza vyuma. Wa uuguzi hukosea bila mtu kuumia. Betri ya Quest 3 hudumu saa mbili na kidogo, kwa hiyo umeme ukipotea asubuhi, vipindi vya mchana havipo.

Utalii nao una nafasi katika VR. Kampuni ya BlackRhino VR ya Nairobi hutengeneza video za nyuzi 360, na pango la Kitum katika Mlima Elgon, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi, linastahili kurekodiwa hivyo.

AR, kwa upande wake, imefika shambani bila miwani yoyote. Viwavijeshi vamizi viliingia Kenya mwaka 2017 na kushambulia mahindi ya magharibi mwa nchi. Programu ya Nuru, iliyoandaliwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), humwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye mmea na kupata jibu papo hapo, hata pasipo na intaneti. Pia hutambua magonjwa ya muhogo. Huko shambani ndiko AR inakofaa kwa sasa: kaunti ikitenga fedha za teknolojia, simu mikononi mwa maafisa wa kilimo zitamfikia mkulima wa Chwele au Kimilili, Bungoma, mapema kuliko miwani.